Tundu Kwenye Pistoni ya Tatu

Ilikuwa Alhamisi, siku ya nne tangu Mkaguzi Scolastika Mlowe akabidhiwe jalada lile, na siku zote nne mafua yalikuwa yamemkaba koo. Makambako mwezi wa Juni haina huruma na mtu. Upepo unatoka huko unakotoka, unavuka reli, unaingia kwenye yadi ya kituo na kumtafuta mwenye goti bovu. Goti bovu Scolastika alikuwa nalo, tena la kushoto, na miaka hamsini na sita alikuwa nayo. Kilichokosekana ni muuaji, ingawa mkuu wake alishampata mmoja na kumfungia mahabusu.

Marehemu alikuwa Timoth Mwalongo, mfanyabiashara wa mbao, mtu wa miaka thelathini na minane. Jumapili asubuhi alikuwa akitoka Njombe kuja Makambako na gari lake jeusi la kifahari. Katikati ya mlima, ndani ya ukungu mzito, gari likazima ghafla. Lori la mbao lililokuwa nyuma yake likamkuta pale pale na kumbamiza. Upande wa nyuma wa gari ukakunjika wote. Pua ya gari haikupata hata mkwaruzo.

Wazazi walimzika Jumanne. Lakini tangu Jumatatu baba mtu alishakuja kituoni na kusema waziwazi kwamba mwanawe ameuawa. Gari lilitoka gereji ya fundi Hezekia Sanga siku ya Ijumaa, na watu wanne walimsikia Hezekia akimwambia Timoth, "Hii gari itakuua." Mashahidi wanne, tishio moja, maiti moja. Mkuu wa upelelezi alisema kesi kama hiyo haihitaji hata miwani. Kesho saa tatu asubuhi Hezekia angepandishwa mahakamani kwa kosa la kuua, na kosa la kuua halina dhamana. Mtu anaingia mahabusu akiwa na nywele nyeusi, anatoka nazo zikiwa na mvi, kama anatoka.

"Haya, Sajini," Scolastika alisema akikohoa. "Nionyeshe tena. Polepole."

Sajini Anyisile, mkaguzi wa magari wa kikosi cha usalama barabarani, alikuwa Mnyakyusa mrefu mwenye subira ya ajabu. Injini ilikuwa mezani mbele yake, imefunguliwa, vipuri vimepangwa juu ya turubai. Alinyanyua pistoni moja akamwekea kiganjani. Katikati ya kichwa chake palikuwa na tundu linalopitisha kidole, kingo zake zimeyeyuka.

"Ya tatu kutoka mbele," alisema Anyisile. "Hii ndiyo iliyozimisha gari. Imeyeyuka, mama. Aluminiamu imetiririka."

"Na injini hii ina nini ambacho gari langu halina?"

"Supachaja." Anyisile aligonga kwa bisibisi chombo kizito chenye umbo la kinu kilicholazwa. "Injini ya kawaida inavuta hewa kama wewe unavyovuta pumzi. Hii inalishwa kwa nguvu. Ndani humu kuna rota mbili zinazokumbatiana, zinazungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki, mhimili wa injini. Ukikanyaga mafuta, zinasukuma hewa nyingi kwenye silinda, na petroli inaongezwa kufuatana na hewa. Injini ndogo inapata nguvu za injini kubwa, saa hiyo hiyo, bila kusubiri."

"Mbona hiyo ni sifa? Niambie ubaya."

"Ubaya ni joto. Umewahi kujaza baiskeli upepo? Pampu inakuunguza mkono. Hewa ukiibana, inachemka. Ndiyo maana gari hii ina rejeta mbili. Kubwa ya injini, na mbele yake nyembamba, ya kupoza ile hewa iliyobanwa. Hewa isipopozwa, petroli haisubiri tena cheche ya plagi. Inawaka yenyewe kabla ya zamu yake. Pistoni inapanda, moto unaishusha. Ni kama kuipiga nyundo, mara elfu kwa dakika. Mafundi wanaita kugonga. Ikigonga ukiwa mlimani na mguu umekanyaga mpaka chini, dakika chache tu zinatosha."

Scolastika alifungua daftari lake. Walishapitia vingi kwa siku tatu. Alisoma kwa sauti yake ya kukwaruza, na kila alichosoma Anyisile alikijibu.

"Mkanda?"

"Mzima, haujateleza."

"Puli? Kuna watu wanaweka ndogo ili supachaja izunguke zaidi."

"Ya kiwandani. Nimeipima mara mbili."

"Mafuta ya supachaja yenyewe, beringi zake?"

"Mafuta yapo, beringi hazilii."

"Petroli iliyochakachuliwa?"

"Majibu ya maabara ni safi. Ile ndiyo ilikuwa tamaa yangu kubwa."

Yake pia. Siku mbili nzima alizimalizia kwenye vituo vya mafuta, akinusa madumu na kugombana na wahudumu, na hakuambulia kitu zaidi ya kichwa kuuma.

"Kile kipampu cha kuzungusha maji ya rejeta nyembamba?"

"Nimekiunga kwenye betri, kinazunguka. Maji yake yalikuwa yamejaa. Mama, vyote vizima. Kibovu ni kimoja tu, sensa ya kugonga. Ilikufa siku nyingi."

"Basi ndiyo hiyo."

"Hapana. Magari mangapi yanatembea na sensa mbovu? Sensa haileti joto, inaripoti tu. Na plagi zote sita zimeungua mpaka zimekuwa nyeupe. Kuna kitu kiliichemsha ile hewa." Anyisile alijikuna kidevu. "Siku yenyewe sasa! Jumapili ile barafu ilianguka, majani ya chai yakababuka. Injini imekufa kwa joto siku yenye baridi kuliko zote mwaka huu. Hapo ndipo ninaposhindwa."

Scolastika naye alishindwa, na kichwa kilikuwa kizito kama gunia la mahindi mabichi. Alifunga daftari akaenda mahabusu.

Hezekia Sanga aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa hana viatu, mikono ameikunja kwapani kwa baridi. Alikuwa Mkinga mfupi, mpole, mwenye grisi iliyogoma kutoka kwenye kucha hata baada ya siku nne za kukaa bure.

"Maneno ya Ijumaa," Scolastika alisema. "Yarudie."

"Afande, nimeyarudia mara ngapi?"

"Yarudie. Mimi pia nimechoka."

Hezekia alishusha pumzi. "Nilimwambia, kaka Timoth, sensa ya kugonga imekufa. Hiyo ndiyo sikio la injini. Ikisikia inagonga, kompyuta inapunguza nguvu, injini inapona. Sasa sikio halipo. Kifaa nimeagiza Dar, kinafika Jumatano. Mpaka hapo endesha kama umebeba trei la mayai, na mlimani usishindane na mtu. Akacheka. Akasema injini ya mnyama haiendeshwi kama pikipiki. Nikapandwa na hasira. Nikapaza sauti: hii gari itakuua! Watu wakageuka. Ndiyo waliyosikia, mengine hawakusikia."

"Kwa nini ulimpa ufunguo?"

"Gari ya mtu, afande. Nitamnyang'anya mtu mzima mali yake?"

Kilichomsumbua Scolastika ni kwamba alimwamini. Kifurushi cha sensa kilifika kweli jana kwa basi, kikiwa na jina la Hezekia, na Scolastika mwenyewe alikipokea na kukitilia sahihi. Alimpelekea mkuu wake habari hiyo akidhani itasaidia. Mkuu akamjibu kwamba mtu anaweza kukuonya mchana na kukuchimbia shimo jioni. Akamwambia pia, bila ukali, kwamba baba wa marehemu anapiga simu kila asubuhi, na vijana wa ukoo wameshaizunguka gereji mara mbili wakiwa na petroli kwenye chupa.

Alirudi yadi kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Goti likamlazimisha kukaa. Alivuta kreti tupu ya soda, akaketi karibu na bampa la mbele ambalo Anyisile alilivua Jumanne. Kando yake palikuwa na rundo la takataka: klipu zilizovunjika, majani, mfuko wa plastiki, na kipande kipana cha boksi kilicholowa kikakauka kikakakamaa.

Alikiokota ili tu mikono yake iwe na cha kufanya. Upande mmoja ulikuwa laini. Upande wa pili ulikuwa na mistari midogo midogo iliyojichapa, imesimama wima, mamia kwa mamia.

"Sajini. Hiki umekitoa wapi?"

"Hicho? Kilikuwa kimenasa nyuma ya bampa. Takataka za barabarani, mama. Magari yanaokota kila kitu."

"Kilinasa au kilifungwa?"

Anyisile aliacha kufuta mikono. "Kulikuwa na waya," alisema taratibu. "Niliukata kwa koleo."

"Takataka imejifunga waya, Sajini?"

Anyisile alikuja, akachuchumaa, akakichukua kile kipande na kukibandika juu ya ile rejeta nyembamba. Kikaenea kutoka kona hadi kona. Mistari ya boksi ikakaa juu ya mapezi ya rejeta bila kupishana. Kwenye pembe nne palikuwa na vitundu vinne vya waya, vimetobolewa kwa uangalifu.

"Loo! Mama yangu!" Anyisile alisema. "Imezibwa. Rejeta kubwa ina feni, inajitafutia hewa yenyewe, ndiyo maana kipimo cha joto kwenye dashibodi hakikumwonya kitu. Hii ndogo inategemea upepo wa safari. Ukiziba upepo, supachaja inamwaga moto mtupu kwenye silinda. Na sikio limekufa. Na mguu umekanyaga." Aliinuka, akakaa tena. "Na mimi nikakitupa."

"Umekitoa, umekihifadhi, tumekiona leo. Ndivyo tutakavyoandika. Bila boksi hili, gari lingefika?"

"Lingefika, mama. Lingefika hapa mjini linanguruma."

Scolastika aligeuza boksi. Kwenye ukingo mmoja lilikuwa na matundu mengine, makubwa ya duara, ambayo lilitoka nayo kiwandani. Boksi la vifaranga, wanawekewa hayo matundu wapate kupumua. Na hapo moyo ukamshuka, kwa sababu katika mji mzima wa Makambako alimjua muuza vifaranga mmoja vizuri, naye alikuwa amekaa nje ya lango la kituo na hotipoti ya ugali mapajani. Alikuwa Jeni, mke wa Hezekia.

Angeweza kumpelekea mkuu wake kile kipande saa ile ile. Fundi ana gari, mke ana maboksi, kesi imekwisha, nenda kalale. Aliwaza kitanda chake kwa muda mrefu kuliko inavyompasa afisa wa polisi. Kisha akaenda langoni.

"Kamwene, mama," Jeni alimsalimia, akasimama haraka. "Wamekataa chakula?"

"Watapokea. Nitawaambia mimi. Jeni, hili boksi unalijua?"

Jeni alilitazama bila woga wowote. "La vifaranga."

"Lako?"

"Yangu nayarudisha, nisiporudisha sipewi mzigo mwingine." Alilichukua, akaligeuza kwa mikono ya mtu anayeijua kazi yake, akakwangua matope kwa ukucha pembeni, karibu na ukingo uliokatwa. Muhuri wa wino wa bluu ukatokea. "Hili la tarehe kumi na nne. Wanapiga muhuri siku vifaranga wanapototolewa. Mimi mzigo wangu Jumatano. Wa Jumamosi hauji huku, unaishia kule kule Matembwe na Lupembe, kwa wafugaji wa vijijini. Kwani vipi?"

Scolastika alishika nguzo ya lango. Tarehe kumi na nne ilikuwa Jumamosi. Gari lilitoka gereji Ijumaa tarehe kumi na tatu, na Jumamosi asubuhi Timoth alilichukua kwenda kuwaona wazazi wake. Boksi lililokuwa halijapigwa muhuri haliwezi kufungwa kwenye gari lililokwisha ondoka.

"Wazazi wake Timoth wanakaa wapi?" aliuliza, ingawa alijua. Lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa jalada.

"Si Matembwe?" Jeni alisema. "Mama, mume wangu anatoka?"

"Nipe leo," Scolastika alisema. "Nipe leo tu."

Aliendesha mwenyewe gari la kituo, heta yake imekufa, blanketi magotini. Njombe alipita bila kusimama hata kwa chai. Baada ya hapo barabara ikaanza kupanda na kushuka kati ya misitu ya misonobari na mashamba ya chai, na mvua nyembamba isiyojulikana kama ni mvua au ni ukungu. Aliwaza nani huko Matembwe alimchukia Timoth. Ndugu? Mshindani wa mbao? Alijiandalia maswali ya mtu mwenye chuki.

Karibu na njia panda moja lori la kubeba majani mabichi ya chai lilikuwa limeegeshwa, dereva anakula muhindi. Scolastika alilipita, kisha akakanyaga breki, akarudi nyuma. Mbele ya rejeta ya lori palikuwa na kipande cha boksi, kimefungwa waya pembe nne.

"Kijana, shikamoo sihitaji, nina haraka. Hilo boksi la nini?"

Dereva alicheka. "Baridi, mama! Mwezi huu bila boksi injini haipati moto mpaka saa nne. Inakunywa mafuta, inakohoa kama wewe."

"Nani alikufundisha?"

"Wazee waliotutangulia. Madereva wote wa majani wanafanya hivi."

Miaka thelathini alikuwa akipishana na malori hayo, na hakuwahi kuuliza. Alirudi kwenye usukani, akakaa kidogo bila kuwasha. Ukurasa wa kwanza wa jalada ulisema pia kazi ya baba wa marehemu: dereva mstaafu, lori la majani ya chai. Maswali yote aliyoyaandaa hayakuwa na maana tena, na alitamani mno gari lizime njiani asifike.

Halikuzima. Saa nane na nusu aliingia kwa mzee Agustino Mwalongo. Turubai la msiba lilikuwa bado limesimama uani, lakini waombolezaji walishatawanyika. Mzee alikuwa ndani karibu na jiko la mkaa, koti zito mabegani. Mkewe, mama Teodora, alikuwa kwenye kona nyingine amewainamia vifaranga ndani ya boma la mabati, akiwawekea taa. Walikuwa na siku tano, wanapiga kelele kweli.

"Kamwene, baba. Kamwene, mama. Poleni tena."

"Kamwene, mwanangu. Keti," mzee alisema. "Kesho nakuja mahakamani. Nimekodi gari, nakuja na wanaukoo wote. Nataka yule fundi anitazame usoni."

"Baba, kuna jambo moja nimebakiza. Jumapili asubuhi, kabla Timoth hajaondoka. Nieleze mlivyoamka."

"La nini?"

"Jalada linataka kila kitu."

Mzee alivuta koti. "Niliamka saa kumi na moja. Mazoea. Nikatoka nje, barafu imelala juu ya kila kitu, gari yake nyeusi imekuwa nyeupe. Nikasema, huyu mtoto wa mjini hajui baridi ya huku, ataondoka na injini imeganda, aiharibu. Mali ya gharama vile! Mimi nimeendesha lori la majani miaka thelathini na moja, halijawahi kunifia njiani. Nikatafuta boksi, nikalala chini pale mbele, nikalifunga vizuri kwa waya. Vidole vilikufa ganzi. Alikuwa ndani anakunywa chai."

"Ulimwambia?"

"Nimwambie anicheke? Siku zote ananicheka na mambo yangu ya lori." Kwa mara ya kwanza uso wa mzee ulilegea, karibu atabasamu. "Nilijua siku moja atafungua boneti alione, anipigie simu. Aseme, kumbe baba."

Scolastika alikuwa na kikohozi, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Kisha akasema, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kusema. Alieleza kama Anyisile alivyomweleza: hewa iliyobanwa, joto, rejeta mbili. Hakuharakisha wala hakupamba. Alieleza sensa iliyokufa, onyo la fundi, na mguu uliokanyaga mlimani. Akatoa kile kipande kutoka kwenye mfuko wa vielelezo na kukiweka mezani.

Mzee Agustino hakukigusa.

"Lori langu," alisema.

"Lori lako halina ile rejeta ya pili, baba."

"Ile nyembamba? Ya mbele?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliiona. Nikasema hii ndiyo inayopigwa na baridi zaidi, ngoja niifunike vizuri."

Vifaranga walikuwa wakilia. Mama Teodora alikuwa ameacha kuweka taa, amesimama na mgongo wake kwao.

"Si kosa la jinai," Scolastika alisema. "Ni ajali. Hakuna atakayekushitaki."

"Sikukuuliza hilo." Mzee aliyatazama makaa ya jiko. "Yule fundi ana watoto?"

"Watatu."

"Nami nilitaka wamnyonge." Alivua kofia, akaiweka gotini. "Andika. Vijana wa ukoo nitawaambia mimi mwenyewe jioni hii, wasiiguse ile gereji. Yule mtu alale kwake leo. Andika!"

Scolastika aliandika. Alimwuliza maswali yanayotakiwa, saa, mahali, aina ya waya, nani aliona, na mzee akajibu kila moja kwa utaratibu wa dereva anayejaza fomu ya safari. Maelezo yakatoka kurasa mbili. Akatoka nje kutafuta mtandao, akapanda kichuguu cha nyuma ya banda, akampata mkuu wake kwa shida. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama yana sahihi. Akasema yakitiwa sahihi, ampigie picha za kurasa zote mbili amtumie, na fundi atatoka kabla ya giza.

Akarudi ndani. "Baba, ni utaratibu nikusomee kabla hujaweka sahihi. Unataka nisome, au usome mwenyewe?"

"Soma wewe. Kwa sauti." Mzee alielekeza kichwa upande wa mkewe, bila kumtazama. "Asikie. Mimi kumwambia sitaweza."

Basi Scolastika Mlowe, koo lake bovu, mguu wake mbovu, akasimama katikati ya chumba kile na kusoma. Mimi, Agustino Mwalongo, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, mkazi wa Matembwe, naeleza kwa hiari yangu kwamba... Alisoma barafu, alisoma saa kumi na moja, alisoma waya. Alisoma boksi, akaendelea hadi nukta ya mwisho.

Mzee alichukua kalamu, akatia sahihi chini ya kila ukurasa.

Mama Teodora aligeuka. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. Alikuja mezani, akavuta kiti, akakaa karibu na mumewe mpaka mabega yao yakagusana.

"Umeandika kwamba alitafuta boksi," alisema. "Hakulitafuta. Aliniomba, nikawatoa vifaranga, nikalikata kwa kisu cha jikoni, nikamshikia tochi. Niandike na mimi."

"Mama, haihitajiki. Maelezo ya baba yanatosha."

"Nakuambia niandike. Mzigo huu hataubeba peke yake."

Scolastika alimtazama mzee. Alikuwa ameinamisha kichwa, mkono wa mkewe umeshika wake juu ya koti. Akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, akauliza jina kamili.